Saa Kumi na Moja Kamili

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu najisikia vibaya na sina wa kumwambia. Leo ofisini amekuja mtu mpya. Anaitwa Jepleting, ana miaka ishirini na sita, kwao ni Londiani. Kufikia saa nne alikuwa ameshamwita mlinzi wa getini kwa jina. Mimi nimepita geti hilo miaka mitatu nikisema "sasa boss" na kupanda ngazi.

Acha niandike kazi yetu ilivyo, ili nikisoma baadaye nisijidanganye. Tuko watu wanne kwenye chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, Nakuru mjini. Tunatengeneza programu ya simu ya wakulima wa viazi. Kila asubuhi inawaambia kama hali ya hewa italeta blight, ule ugonjwa unaounguza majani ya viazi kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Shida ni kwamba mkulima hafungui programu. Ana matope mikononi, ana ng'ombe wa kukama. Kwa hiyo miaka miwili iliyopita mimi, Nekoye, peke yangu, nilitengeneza wijeti: kisanduku kidogo kinachokaa kwenye uso wa simu, hapo hapo penye saa. Kikiwa kijani, leo usipige dawa. Manjano, tayarisha pampu. Nyekundu, piga dawa mara moja. Mtu anatupa jicho na kwenda zake. Wakulima elfu kumi na nne wanakitazama, kutoka Dundori hadi Molo.

Leo Kosgei, boss wetu, alimwonyesha Jepleting hiyo wijeti. "Huu ndio moyo wa kampuni," alimwambia.

Hakusema ni ya nani.

Jumatano, 12 Machi

Jepleting ameleta mandazi. Sikula.

Ijumaa, 14 Machi

Malalamiko matatu wiki hii: wijeti imekwama na rangi ya juzi. Si jambo geni. Simu za bei ya chini hulinda chaji kwa kuua kila kitu kinachofanya kazi chinichini, na wijeti yangu huomba simu iamke kila nusu saa ikaulize habari mpya. Simu ikikataa, rangi inabaki ile ile. Huwa nawajibu wakulima: fungua app, itajirekebisha. Jepleting alinisikia nikimjibu mmoja hivyo.

"Lakini si wijeti ni ya mtu ambaye hataki kufungua app?" aliuliza.

Aliuliza kwa upole. Angeuliza kwa madharau ningejua pa kumshika.

Alhamisi, 20 Machi

Kosgei alitutuma Dundori, mimi na Jepleting, kwa Mzee Micah.

Micah ni mkulima wangu wa kwanza. Zamani alikuwa anapiga dawa kila Ijumaa, mvua au jua, kama babake. Mimi ndiye niliyekaa naye kwenye benchi la nje msimu mzima nikimshawishi aache Ijumaa na afuate rangi. Alipokubali, majirani wanane wanaochukua mbegu kwake walikubali pia. Ananiita "msichana yangu." Nimezoea kuitwa hivyo. Nilikuwa nimemwambia Jepleting njiani, labda mara mbili.

Tulimkuta na simu inayoonyesha rangi ya Jumatatu. Nikaanza kumweleza habari za chaji na watengenezaji wa simu. Jepleting alikuwa ameshaingia jikoni kwa Mama Joan, mke wa mzee, wanamenya viazi pamoja. Akauliza kutoka huko ndani:

"Mzee, hii simu usiku unaiachaga on?"

"Naizima. Nikizima, chaji inanifikisha siku tatu."

"Unaizima kabisa?"

"Kabisa. Nani atanipigia usiku?"

Jepleting akanitazama kupitia mlangoni, na mimi nikaelewa papo hapo. Simu ikizimwa, ratiba niliyoiwekea hufutika. Niliiandika hivi kwamba hairudi mpaka mtu afungue programu. Kumbe kila asubuhi kwa miaka miwili mzee huyu amekuwa akitazama rangi ya bahati nasibu, na mimi nimekunywa chai kwenye benchi lake bila kumwuliza kama anazima simu au haizimi.

Tulipoondoka mzee alimwambia Jepleting, "Msichana yangu, urudi tena." Kwangu akasema, "Asante pia."

Pia.

Jumatatu, 24 Machi

Jepleting ameweka mpango wake mbele ya Kosgei. Simu isisumbuliwe kila nusu saa. Iamke mara moja tu, alfajiri, ichukue rangi za siku mbili zijazo, saa kwa saa, na kuzihifadhi. Baada ya hapo wijeti inajibadilisha yenyewe hata bila mtandao. Simu ikizimwa na kuwashwa, ratiba inajipanga upya, rangi zinasomwa kutoka mle ndani, na kama alfajiri iliikuta imezimwa, inaomba rangi mpya mara inapowashwa.

Ni mpango mzuri. Nilitafuta ubaya wake mkutano mzima, na kila nilipofikiri nimeupata, alikuwa ameshaujibu kwenye ukurasa unaofuata.

Kosgei alimpa kazi yote. Mimi nikaambiwa, "Nekoye, wewe utamkagulia." Yaani nyumba niliijenga mimi, sasa nasimama mlangoni kuangalia mwingine akibomoa kuta.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeanza. Kosgei amecheka na Jepleting mara tatu leo. Nilihesabu.

Jumapili, 30 Machi

Nilimwambia Mama kwa simu kwamba kazini wameleta msichana mpya. "Afadhali," akasema, "umepata msaidizi." Nikasema network ni mbaya, nikakata.

Jumatano, 9 Aprili

Wijeti mpya imewekwa kwenye simu mia sita za majaribio. Ya Micah ni mojawapo. Siku nane mfululizo, hakuna hata moja iliyokwama. Mimi katika miaka miwili sijawahi kupata siku nane.

Mchana simu ya ofisi ililia, nikaipokea. Alikuwa Micah.

"Msichana yangu, umeshindaje?"

"Salama, mzee. Ni Nekoye."

"Aa, Nekoye. Hujambo? Hebu nipe yule mwingine."

Nikampa yule mwingine. Waliongea dakika kumi na moja, na Jepleting akacheka mpaka akafuta macho. Sikumwuliza ni nini.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kazi. Jepleting amepaka kucha rangi ya kijani. Kosgei amezisifu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekagua kazi ya Jepleting siku mbili na leo nimeona kosa.

Ameziandikia simu zote ziombe rangi saa kumi na moja kamili alfajiri. Kwa simu mia sita hakuna shida. Zikiwa elfu kumi na nne, zote zitagonga mlango wa seva yetu, ile mashine ya ofisini inayopiga hesabu za rangi, ndani ya dakika moja. Na ameandika kwamba simu isipojibiwa iombe tena papo hapo, mara ishirini, kisha ikate tamaa hadi kesho yake. Seva yetu ni ndogo, na kila shamba lina hesabu yake ya kupiga. Itazimia, itajaribu kuinuka, itagongwa tena na simu zile zile, itazimia. Najua kwa sababu mwaka wa kwanza nilifanya kosa hilo na simu elfu mbili tu, na nilikaa nalo siku nzima kabla ya kulielewa. Ile wijeti yangu ya zamani, pamoja na fujo zake zote, ilikuwa inaziachanisha simu. Kila moja iliamka kwa wakati wake.

Nikaona na la pili. Simu ikikosa habari mpya, wijeti haina namna ya kulisema. Itaendelea kuonyesha rangi iliyohifadhiwa juzi, kwa ujasiri uleule, mpaka siku mbili ziishe.

Kulirekebisha si kazi ya hata asubuhi moja. Kila simu ipewe dakika yake kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Ikikosa jibu isubiri kidogo, ikikosa tena isubiri zaidi. Na rangi ikizeeka, kisanduku kigeuke kijivu. Nilianza kumwandikia hayo. Niliandika sentensi moja na nusu.

Kisha nikasikia Kosgei akimwambia mgeni aliyekuja kututembelea, "Huyu Jepleting ametufufua." Ametufufua. Kwa hiyo kabla yake tulikuwa maiti.

Nikafuta sentensi yangu. Nikaandika "Sawa," nikabofya kukubali. Jepleting akageuka kwenye kiti chake akasema, "Asante, sista. Nilikuwa naogopa hiyo review yako."

Nimekula chakula cha jioni vizuri. Naliandika hilo pia.

Jumatano, 30 Aprili

Kosgei anataka wijeti mpya iende kwa wakulima wote leo, kwa sababu mvua imekolea. Jepleting aliomba tungoje Jumatatu. Kesho ni Labour Day na anakwenda kwao, dada yake anaposwa, na upande ule wa mlima network ni ya kutafuta.

"Nekoye, ni salama?" Kosgei aliniuliza mbele yake.

"Mimi nilishaikubali," nilisema.

Ni kweli nilishaikubali.

Ijumaa, 2 Mei

Jana simu zilikuwa bado zinapokea wijeti mpya. Leo ndiyo alfajiri ya kwanza ya simu zote kwa pamoja.

Niliamka kabla ya kengele. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la jirani, mvua ya rasharasha, baridi ile ile ambayo blight inaipenda. Saa kumi na moja na nusu nikafungua kompyuta. Seva ilikuwa imelala chali. Inainuka, inaanguka, inainuka, inaanguka. Hesabu ya usiku ilikuwa imebadilika: Dundori nzima ilipaswa kuwa nyekundu. Kwenye simu za watu kulikuwa na rangi ya juzi, kijani.

Funguo za seva ninazo. Kutuma SMS kwa wakulima wote ni kazi ya dakika tano, nimeifanya mara nyingi. Nikaweka maji ya chai. Nilikuwa najiambia: acha ionekane. Acha Kosgei aione yeye mwenyewe, hata kwa saa moja, halafu nitaingia niiokoe. Nilishaiona picha yenyewe, Kosgei akisema, "Kama si Nekoye..."

Ofisini Kosgei alifika saa tatu, seva ikiwa imeshazinduka yenyewe, kwa sababu simu zilikuwa zimekata tamaa. Akatazama skrini. "Kila kitu kiko sawa?"

"Kuna kitu kilisumbua asubuhi. Ni upande wa Jepleting. Akirudi ataangalia."

"Ni kitu kikubwa?"

"Ataangalia."

Akaenda zake kwenye mkutano. Nilikaa nikingoja simu za malalamiko zianze kuingia. Hakuna aliyepiga. Nani alalamike? Wijeti ilikuwa kijani, inang'aa, haijakwama.

Jumamosi, 3 Mei

Alfajiri mambo yakawa yale yale. Mimi niko nyumbani. Saa nne na nusu Jepleting akanipigia, upepo unavuma kwenye simu, amepanda juu ya kilima kutafuta network.

"Sista, nimeona logs za seva. Imeanguka siku mbili! Wewe umeona?"

"Ndiyo naiona sasa hivi."

"Tafadhali tuma SMS. Waambie ni nyekundu. Tafadhali, sasa hivi. Niko na simu tu hapa, siwezi kufanya kitu."

Nikatuma. Ilikuwa karibu saa tano. Mvua kubwa ilikuwa imeshaanza, na mvua ya namna hiyo ikinyesha dawa haipigwi, inaoshwa yote. Imenyesha mpaka sasa ninapoandika.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 8 Mei

Jepleting alirudi Jumatatu asubuhi na akarekebisha yote mawili, la saa na la kijivu, bila mtu kumwambia. Alilala mezani. Leo ndiyo picha zimeanza kuingia kwenye simu ya ofisi: majani yenye mabaka meusi, ya kwanza kutoka Dundori, kisha Bahati, kisha Dundori tena. Jepleting anazipokea moja moja na kuandika majina.

Ya Micah ilikuja mchana. Haikuwa na maneno.

Jumatatu, 12 Mei

Kosgei ameita mkutano. Mashamba themanini na sita yameathirika. Arobaini na moja hayatavuna kitu cha maana.

Jepleting alisimama. Hakuna aliyemwomba asimame. "Ni mimi," akasema. "Niliweka simu zote ziombe kwa wakati mmoja, na nikaweka zirudie bila kupumua. Nilipaswa kujua." Akaweka karatasi mezani kwa Kosgei. Barua ya kuacha kazi, ameiandika kwa mkono.

Kosgei hakuichukua wala hakuirudisha. Akatuambia tutoke kwanza.

Kwenye ngazi Jepleting alinisubiri. Macho yake yalikuwa makavu.

"Sista, uliisoma kazi yangu siku mbili. Ile ya saa kumi na moja, hukuiona?"

Huyu mtu niliyemhesabia vicheko. Angeniuliza mbele ya watu ingekuwa rahisi zaidi, ningejitetea kama watu wanavyojitetea. Alikuwa ananiuliza kwa sababu alitaka kujua tu.

"Sikuiona," nikasema.

"Sawa." Akashuka.

Nimekuja nyumbani nimekaa kitandani na viatu. Miezi miwili nimekuwa nikingoja kumwona huyu msichana akianguka. Nimemwona. Nilifikiri nitasikia kitu. Nilichosikia ni njaa, na nilipopika sikuweza kula. Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Siku ya tarehe ishirini na tatu nimeandika kwamba nilikula vizuri.

Jumanne, 13 Mei

Nilifika kabla ya wote. Kosgei alipoingia nilikuwa nimefungua kompyuta yangu mezani kwake, kwenye ukurasa wa ukaguzi.

"Hapa nilikuwa nimeandika onyo," nikamwambia. "Nikalifuta. Hata lililofutwa linabaki kwenye kumbukumbu, ndilo hili. Niliona kosa siku tisa kabla. Na Ijumaa ile niliona seva ikianguka saa kumi na moja na nusu, sikutuma SMS."

Akasoma ile sentensi moja na nusu. Akaisoma tena.

"Kwa nini?"

"Wivu."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine marefu. Nikayaacha.

Kosgei ni mtu wa kelele, hugonga meza hata mtu akichelewa dakika tano. Leo hakugonga kitu. Alitazama dirishani, mvua ilikuwa inanyesha, akasema, "Ningekufukuza leo. Lakini mvua haijaisha na hakuna mwingine anayeijua hiyo seva. Utamkabidhi Jepleting funguo zote. Kila utakachofanya utamwomba yeye. Msimu ukiisha tutaongea." Kisha akachukua ile barua ya Jepleting na kuipasua vipande viwili. "Na utamwambia wewe. Si mimi."

Nikamwambia Jepleting pale pale penye ngazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Jana uliposema hukuiona, nilijua. Wewe huwezi kukosa kuona kitu kama hicho."

Alisema hivyo bila sifa yoyote ndani yake. Akanyoosha mkono apewe funguo.

Alhamisi, 15 Mei

Jepleting haongei nami ila kazi. "Fungua hii." "Funga ile." Namwomba ruhusa hata kuwasha upya mashine niliyoinunua mimi dukani, nikaibeba mimi kwenye ngazi.

Kila simu sasa ina dakika yake. Alfajiri hii seva haikutikisika hata kidogo. Ilinichoma kuona. Nilidhani nikikiri yatanitoka haya. Hayajatoka.

Jumamosi, 17 Mei

Dundori. Nilimwomba Jepleting twende, akasema, "Nilikuwa naenda hata hivyo."

Shamba la Micah unalisikia kabla hujaliona, ile harufu ya majani yanayooza. Ekari tatu nyeusi. Mwaka huu alikuwa amepanda mpaka karibu na mlango wa jikoni. Mbegu ya majirani wanane ilikuwa humo, na mbegu ya shamba lililougua haitolewi.

Mama Joan alitupa viti. Mzee hakukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, kuanzia tarehe ishirini na tatu.

"Ijumaa hiyo," akasema, "nilikuwa na pampu mgongoni. Nimeshaijaza. Mama Joan ako hapa, muulize. Ukungu niliuona, mimi si mtoto, mimi nimelima waru, viazi hivi, miaka arobaini. Nikasema, ngoja, Nekoye alisema nisiende na mazoea, niangalie rangi. Nikatoa simu. Kijani. Nikatua pampu."

Jogoo alipita katikati yetu.

"Wewe saa hiyo ulikuwa umeamka?"

"Nilikuwa nimeamka."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Namba yangu uko nayo?"

"Ninayo, mzee."

Akanitazama kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyekutana naye zamani. Kisha akasema, "Panga ziko nyuma ya jiko."

Afisa wa kilimo alikuwa amewaambia: majani yote yakatwe na kutolewa shambani, ugonjwa usishuke kwenye viazi vilivyo chini, halafu wasubiri angalau wiki tatu wachimbe kitakachokuwa kimebaki. Tulikata, sisi wanne, mpaka saa kumi. Jepleting anakata kama mtu aliyezaliwa na panga mkononi. Mimi nilitoka malengelenge kabla ya chai. Micah alimwonyesha Jepleting namna ya kufunga mizigo ya majani. Mimi nikaachwa nijionee.

Hata kwenye adhabu nilimwonea wivu. Sijui niandike nini zaidi ya hapo.

Jumatano, 21 Mei

Malengelenge yamepasuka. Naandika code kwa vidole viwili.

Jumamosi, 24 Mei

Dundori tena, kwa jirani wa Micah. Kukata. Mvua.

Jumamosi, 31 Mei

Kwa mwingine. Mama mmoja aliuliza mimi ni nani, Jepleting akajibu, "Tunafanya kazi pamoja." Hakuongeza neno. Angeweza kuongeza.

Ijumaa, 6 Juni

Leo Jepleting alinitumia kazi yake mpya niikague. Haikuwa lazima. Nilipata makosa saba na nikayaandika yote saba. Aliyasoma, akakunja uso.

"La nne si kosa," akasema.

"Ni kosa simu ikibadilishwa saa."

Akafikiria. "Ni kosa," akasema, akarudi kwenye skrini yake.

Jumamosi, 14 Juni

Leo Micah amechimba. Tulikwenda, mimi na Jepleting, na majembe. Viazi vilitoka vidogo, vingine kama gololi, lakini vingi vilikuwa vizima ndani. Havifai kwa mbegu. Vitaliwa. Majirani wanane watatafuta mbegu kwingine mwaka huu, na mzee alituambia hivyo huku akichimba, kama anatuelezea habari za hali ya hewa.

Ile wijeti alishaiondoa kwenye simu yake tangu Mei. Sikuwahi kumwuliza. Lakini tulipokaa kupumzika alitoa mfukoni simu mpya. Binti yao Joan, anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Kamere, amewatumia. Akaipitisha mbele yangu, akampa Jepleting.

"Niwekee tena ile rangi. Lakini wewe ndiyo uniwekee."

Jepleting akaiweka. Alimweleza kwamba sasa kisanduku kikikosa habari mpya kitageuka kijivu, na kijivu maana yake usikiamini, fuata macho yako. Mzee akamwuliza mara mbili, akakubali. Akasema jambo kwa sauti ya chini, wote wawili wakacheka, na akamshika bega. "Msichana yangu," akamwambia.

"Sasa iko sawa, mzee," Jepleting akasema.

Haikuwa sawa. Aina hiyo ya simu naijua, nilipigana nayo mwaka jana wiki tatu. Ina swichi iliyofichwa kwenye mipangilio ya betri. Inalaza programu yoyote ambayo haijafunguliwa siku kadhaa, na Micah hafungui. Jepleting hakuijua. Kwa ile kijivu yake hakuna ambaye angedanganywa safari hii, lakini kufikia katikati ya wiki kisanduku kingekuwa kijivu, na kingebaki kijivu, na mzee angempigia yeye, si mimi. Angeuliza mbona kazi yake haifanyi kazi.

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia nikiwatazama. Wivu ulikuwepo wote, haujapungua hata kidogo, na mkono wa mzee ulikuwa bado begani kwake.

"Jepleting," nikasema. "Kuna swichi moja umeacha."

Wote wawili wakageuka.

"Gani?"

"Kwa betri, chini kabisa. Usipoizima italala kufikia Jumatano."

Jepleting akaitafuta, hakuipata. Nikasimama, nikajifuta udongo kwenye sketi, nikasogea. Mzee aliona mkono wangu ukinyooka kuelekea simu yake, akaivuta kidogo upande wa Jepleting.

"Mwonyeshe," akaniambia.

Nikamwonyesha kwa kidole, bila kuigusa.